Vipande Tisa vya Shangazi

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, najibu "mambo ya umeme," yanaisha. Nikisema ukweli, kwamba kazi yangu ni kupima kama mwanga umetoka upande wa pili ukiwa umelala vile vile ulivyoingia, wananitazama kama mtu aliyekosa usingizi. Lakini kazi hiyo ipo, na wapo watu wanaoifanya mpaka macho yanaingia ukungu. Mmoja wao ni shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, ambaye karakana nzima inamwita Shangazi. Jina lilianza na mtoto wa kaka yake aliyewahi kufanya kazi stoo. Mtoto huyo aliondoka siku nyingi, jina likabaki, na hata waliomzidi umri wanamwita hivyo hivyo.

Nataka kusimulia yaliyompata mwaka aliofiwa na mumewe, kwa sababu yamesimuliwa vibaya sana. Wapo wanaosema alichanganyikiwa. Wapo wanaosema alikuwa na kisirani na kampuni. Wanaosema hayo hawakuwapo. Mimi nilikuwapo, nimekaa kushoto kwake, mita moja na nusu, kwa miaka kumi na moja.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, na asiyependa maelezo avumilie kidogo. Faiba ni ule uzi wa kioo unaopitisha mwanga, mwembamba kama unywele. Mwanga unaposafiri humo ndani hutikisika. Chukua kamba ya kuanikia nguo, mmoja ashike huku na mwingine kule. Ukiitikisa juu na chini, wimbi linakwenda limesimama. Ukiitikisa kushoto na kulia, linakwenda limelala. Mwanga nao ni hivyo hivyo. Sasa katika faiba ya kawaida, mwanga ukiingia umelala, ukapita kona moja, ukabanwa mahali, ukapata joto kidogo, unatoka huko mwisho haujulikani umelala au umesimama. Kwa simu na intaneti hilo si kitu, mradi umefika. Lakini kuna vyombo ambavyo havitaki mwanga ufike tu, vinataka ufike ukiwa umelala vile ulivyolala. Kwa ajili ya vyombo hivyo kuna faiba nyingine ambayo ndani yake, ubavuni mwa njia ya mwanga, zimepitishwa fito mbili za kioo cha aina nyingine. Fito hizo zinaibana ile njia kutoka pande mbili, mchana na usiku, na kwa kubanwa huko mwanga haupati nafasi ya kugeuka. Ukiikata ukaitazama kwa darubini, unaona duara lenye macho mawili yanakukodolea. Shangazi aliiita faiba ya kawaida "kipofu," na hii akaiita "mwenye macho."

Kazi yake ilikuwa kuunga wenye macho. Unamenya ganda la plastiki, unafuta uzi kwa spiriti, unaukata wima, unalaza ncha mbili kwenye mashine zikitazamana. Kisha unazungusha ncha moja, taratibu, mpaka macho ya huku na ya kule yawe kwenye mstari mmoja. Mashine inakuonyesha picha, inakuuliza kama iendelee, unabonyeza, inapiga cheche, na vioo viwili vinakuwa kimoja. Ukikosea digrii tatu nne, mwanga unachafuka kidogo. Ukikosea robo nzima ya duara, macho ya huku yamelala na ya kule yamesimama, umeharibu kwa namna ya pekee, na hiyo nitaieleza nikifika.

Hakusomea kazi hii. Alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao. Karakana ilipofunguliwa walitafuta watu wenye mikono isiyotetemeka, na mtihani wao ulikuwa kutunga uzi mweusi kwenye sindano nyembamba mara hamsini mfululizo. Wenye vyeti walitoka jasho. Yeye alimaliza, akauliza kama sindano nyingine zipo.

Miaka minane baadaye ndiye aliyeniingiza mimi, nikiwa sina mbele wala nyuma baada ya kiwanda cha betri kufungwa. Hakuniacha nisahau. Siku ya kwanza alinisimamisha mlangoni, akanirekebisha kola, akasema, "Shemeji, ukiniaibisha hapa, nakurudisha kwa mdogo wangu ndani ya bahasha." Nikapewa mashine ya kupimia. Alichounga yeye, mimi nilikipima, na wote wawili tulitia saini kwenye karatasi moja. Kwa sababu nilikuwa nasoma desibeli kutwa nzima, yaani namba ya usafi wa mwanga, ambayo ikiwa kubwa ndivyo kiungo kilivyo bora, akanibatiza Bwana Desibeli, na nyumbani mke wangu naye akalidaka.

Lazima mjue alikuwaje kabla. Alikuwa mtu ambaye akiunga kibaya kimoja hali chakula cha mchana. Siku moja nilimwona anakata kiungo ambacho kilikuwa kizuri tu, mteja anataka desibeli ishirini na tano, kimetoa ishirini na nane. Nikamuuliza ana nini.

"Kimekaa vibaya," akasema.

"Kimepita, shemeji."

"Kwako kimepita. Mimi kinanichoma."

Akakiunga upya, kikatoa thelathini na moja, ndipo akafungua chakula chake. Nilimcheka, lakini nilikaa karibu na mtu huyo nikiwa salama kuliko nilivyokuwa popote maishani mwangu.

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mwanyumba wangu, mtu wa maneno machache na vicheko vingi. Hawakujaliwa watoto. Alianguka bafuni asubuhi ya Jumatano, akafa hospitalini Ijumaa bila kusema neno. Tulizika Jumamosi. Mimi nilisimama pale nikiwa nawaza viatu vinavyonibana, na nasema hivyo ili mjue sijiweki juu ya mtu yeyote. Shangazi alisimama wima, uso mkavu, akapokea pole za watu moja moja kama anayepokea mizigo ya wengine ya kuwawekea tu. Jumanne asubuhi alikuwa mezani kwake, amevaa koti jeupe, anamenya faiba.

Mke wangu alianza kuhangaika wiki ya pili. Kila nikirudi alinisubiri mlangoni.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Kalia?"

"Kaunga vipande kumi na sita."

"Sikuulizi vipande, Bwana Desibeli. Nakuuliza dada yangu."

Kwa nje hapakuwa na la kusema. Alikuja kwa wakati, alisalimia, aliulizia watoto wetu mmoja mmoja kwa majina. Hata utani hakuacha. Nikichelewa kutoka chakulani alisema, "Karibu, mgeni rasmi." Ila aliusema utani ule kama mtu anayesoma tangazo. Jumapili tulipomtembelea tulikuta amefunga vyumba vyote, anaishi jikoni. Godoro liko kando ya jiko, limetandikwa vizuri bila mkunjo. Mke wangu alilia pale pale. Dada yake akampa taulo ya mkono, akasubiri amalize, kisha akauliza nani anataka chai.

Siku moja wakati wa mapumziko alinieleza mwenyewe, bila kuulizwa. "Shemeji, pale nyumbani hata njaa siisikii. Saa ikifika nakula. Nikigusa sufuria ya moto natoa mkono kwa kuwa najua ni moto. Lakini hapa, angalau kuna kinachoniambia sasa fanya hiki, sasa fanya kile." Akakunja karatasi ya mkate wake mara nne. "Nasikia ofisini wanasema nipewe likizo. Wakikuuliza, waambie sitaki. Nipo tayari kwa lolote, ila wasiniondoe kwenye ile meza."

Nikamwambia hakuna wa kumwondoa. Nilikuwa na uhakika kabisa. Nani angemwondoa mtu wa namna ile?

Wakati huo tulikuwa na oda ya vipande sitini kwa kampuni moja inayotengeneza makasha ya kuongoza mashine za kuchimba mahandaki. Chini ya ardhi hakuna anga la kuuliza njia, kwa hiyo mashine inajua imegeuka wapi kwa kutumia mwanga unaozunguka ndani ya faiba, na mwanga huo lazima ufike umelala. Kila kipande kilikuwa na kiungo kimoja katikati. Vyote sitini aliunga Shangazi, vyote nilipima mimi, vyote vikaondoka na saini zetu.

Baada ya mwezi mmoja vikarudi tisa. Mteja aliandika barua ya mistari mitatu. Alisema wakivifunga hivyo tisa, upande wa pili ni giza.

Injinia wetu alituita wote wawili. Ni mtu wa haki, mdogo kwetu kwa umri, na ni mmoja wa wale wasiojua kukaripia, wakikasirika wanapanga kalamu mezani. Alikuwa ameshapanga kalamu sita.

"Karatasi zenu zinasema desibeli ishirini na saba, ishirini na nane, thelathini," akasema. "Mteja anasema giza. Mmoja wenu anieleze."

Hapo mimi nilishaelewa. Mashine yangu inatoa namba mbili. Ya kwanza ni usafi: mwanga wote umekaa katika mwelekeo mmoja, au umechanganyika? Ya pili ni pembe: mwelekeo wenyewe ni upi, umelala au umesimama? Sasa, ukiunga macho kwa kukosea robo duara, ule mwanga hauchafuki hata kidogo. Unaingia umelala, unatoka umesimama, safi kabisa, na kasha la mteja, linalopokea uliolala tu, linaona giza. Namba ya kwanza inakuja nzuri ajabu. Ni ile ya pili tu inayokuumbua, na kuiona lazima ubonyeze kitufe kimoja zaidi. Fomu yetu ilikuwa na nafasi ya namba ya kwanza peke yake. Miaka ya mwanzo nilikuwa nabonyeza hata hivyo. Baadaye nikaacha. Anayeunga ni Shangazi, nikajiambia, unabonyeza ili uone nini?

"Tupe mpaka Ijumaa," nikasema.

Tulivikata vyote tisa, tukatazama viungo kwa darubini. Kila kimoja kilikuwa hivyo hivyo, upande mmoja macho yamelala, upande wa pili yamesimama. Robo duara kamili, si digrii themanini, si mia. Niliangalia tarehe. Cha kwanza aliunga wiki ya tatu baada ya msiba, cha mwisho wiki ya saba. Shangazi alisogea kwenye darubini, akatazama kimoja baada ya kingine, akaandika namba zake kwenye daftari kwa mwandiko wake uleule wa kishule.

Nilikuwa na njia ya kututoa. Mashine ya kuungia ina mtindo wa kujizungusha yenyewe, na inafahamika kwamba ukiipa faiba za viwanda viwili tofauti wakati mwingine inadanganyika, inapatanisha macho yaliyosimama na yaliyolala na kudhani imemaliza. Oda ile ilikuwa na faiba za viwanda viwili. Maelezo yalikaa kama kofia kichwani.

"Tuandike mashine," nikamwambia Alhamisi tukiwa wawili tu.

Akafikiri. "Andika unavyoona."

"Siyo ninavyoona. Nakuuliza wewe uliyeunga."

"Nimekwambia andika."

Nikaandika. Sitajisafisha. Nusu ya mwandiko ule ilikuwa kumlinda yeye, asipelekwe kukaa kwenye lile godoro la jikoni, na nusu ilikuwa kukilinda kile kitufe changu, kwa sababu taarifa yangu haikukitaja hata kwa bahati mbaya. Niliandika kurasa mbili. Nilipozisoma upya nilikaribia kuziamini.

Ijumaa saa nne tukaingia ofisini. Injinia akasoma kurasa zote mbili huku kidole kikifuata mistari, na kadiri alivyoendelea mabega yake yalishuka. Alipomaliza aliziweka kalamu zake zote kwenye kikombe. Nikajua tumepona.

"Tutaufunga huo mtindo wa mashine kujizungusha," akasema. "Kuanzia leo mtazungusha kwa mkono. Na mteja nitamwandikia mwenyewe." Kisha akamgeukia Shangazi, na alilosema alilisema kwa moyo safi. "Unajua, nilikuwa naogopa. Wamenijia watu hapa, wanasema Shangazi tangu afiwe hayuko sawa, mpumzishe. Nikawaambia hapana. Yule mama hawezi kuona macho yamesimama akayaacha. Haiwezekani."

"Niliyaona," akasema Shangazi.

Injinia akatabasamu, akidhani hajasikia vizuri. "Uliona nini?"

"Mashine ilinionyesha picha kabla ya kuunga. Huwa inaonyesha. Niliyaona ya huku yamesimama, na ya kule yamelala. Ikaniuliza iendelee. Nikabonyeza."

"Ulibonyeza kwa kutokujua."

"Nilijua."

Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, sauti ileile aliyokuwa akiagizia spiriti stoo. Mimi nilitazama sakafu. Ilikuwa na vigae vya kijivu, na kimoja kilikuwa na ufa.

"Kile cha kwanza mashine ilikosea yenyewe," akaendelea. "Nikakitazama. Zamani ningeshtuka, moyo ungepiga. Nikangoja upige. Haukupiga. Nikasema, labda ni kwa kuwa bado hakijaharibika, kingali kwenye skrini tu. Nikakiunga ili kiharibike kweli. Nikangoja. Nikampa shemeji apime, akasema ishirini na nane, safi. Nikatia saini. Jioni nikakaa jikoni nikakifikiria, nikikingojea kinichome, maana nilikuwa najua mahali pake penyewe kinapochomea. Hakuna. Basi wiki iliyofuata nikaharibu kingine, hicho nilikizungusha mwenyewe. Nilisema, labda kimoja ni kidogo."

"Mpaka tisa," akasema Injinia.

"Mpaka tisa. Nilipofika tisa nikaona sitapata kitu, nikaacha."

Nilisikia mtu anasukuma toroli kwenye ujia, gurudumu moja likilia. Nikasema la kwangu pale pale, kwamba ningebonyeza kitufe cha pembe, kile kipande cha kwanza kisingetoka nje ya karakana, na kwamba nilikuwa sijakibonyeza miaka saba. Nilidhani nitajisikia mwepesi baada ya kusema. Sikujisikia hivyo. Nilijisikia mjinga, na nilimkasirikia. Nilimkasirikia sana. Kurasa mbili nilizomwandikia zilikuwa pale mezani, na meza yake aliyosema wasimwondoe alikuwa ameisukuma mwenyewe kwa mkono wake. Tulipotoka kwenye ujia nikamuuliza kwa nini hakunyamaza tu.

"Alisema haiwezekani," akajibu. "Nikaona anakosea."

Adhabu zilikuja siku hiyo hiyo. Mimi nilipewa barua ya onyo na meza yake, kwa kuwa katika watu waliobaki ni mimi peke yangu niliyejua japo kidogo kuunga mwenye macho. Yeye alipewa miezi mitatu ya kupumzika, kisha apimwe upya kama mgeni. Injinia alimsindikiza mpaka mlangoni. "Sikufukuzi, Shangazi. Nakupumzisha," akamwambia. Shangazi akamshukuru. Alikunja koti lake jeupe, akaniachia, akanionyesha kikatio kipi kimeanza kuwa butu.

Jumatatu saa mbili kasorobo mlinzi alinipigia simu kutoka getini. "Shemeji yako yuko hapa. Nimemwambia jina lake limeondolewa kwenye orodha. Anasema anajua."

Nilimkuta amekaa kwenye benchi la wageni, lile la chuma lililo nje ya geti, mkoba mapajani, chakula chake kwenye mfuko. Hakuomba kuingia. Nikamwambia aende nyumbani. Akaniambia nitachelewa. Saa nne, muda wa chai, alikuwa pale. Saa saba alikula. Saa kumi na moja kengele ya kutoka ilipolia alisimama, akajipangusa sketi, akaondoka pamoja na sisi wote. Kesho yake hivyo hivyo.

Injinia alitoka siku ya pili kuzungumza naye. "Shangazi, nenda ukapumzike."

"Napumzika," akasema.

Hakukuwa na kanuni ya kampuni inayokataza mtu kukaa kwenye benchi la wageni, nami namsifu Injinia kwa kutoitunga. Mlinzi alilalamika siku tatu, ya nne akamletea mto wa kukalia. Mke wangu alikwenda kushinda naye Alhamisi, akarudi anaumwa mgongo, akasema wameongea maneno kumi na mawili siku nzima, nane yakiwa yake. Watu wakaanza kuzoea. Wakipita asubuhi wanamwamkia, "Shikamoo Shangazi," naye anaitikia, na kwa mbali ungedhani yeye ndiye anayetuhesabu tunavyoingia.

Mimi sikumzoea. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake, kimezama kwa umbo lake, ninazungusha macho yale kwa mikono yangu mizito, na kila nikiinua uso dirishani naona kisogo chake. Hasira yangu ilikuwa imekwisha, ila sikujua iliyokuja badala yake ni nini. Nilikuwa nampelekea chai saa nne, namwekea pembeni, narudi ndani upesi.

Siku ya kumi na moja niliharibu. Simu iliita nikiwa kwenye skrini, nikatazama pembeni, nikabonyeza. Nilipopima, nikabonyeza na kile kitufe cha pili, maana sasa sikiachi: digrii tisini. Nilikaa nimekishika kile kipande kama mtu aliyeokota kidole chake mwenyewe. Nikakikata. Kisha nikachukua chai nikatoka nje, nusu saa kabla ya wakati.

Alikitazama kikombe, akanitazama mimi. "Leo mmeunga ngapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza. "Viwili," nikasema.

"Viwili, tangu asubuhi? Bwana Desibeli, wewe ungekuwa unashona sare, watoto wangemaliza shule wakiwa uchi."

"Na kimoja kati ya hivyo ni kibaya."

"Cha nani?"

"Changu. Robo duara."

Aliweka kikombe chini, kwenye zege kando ya mguu wake. Nilingoja utani mwingine, hata nikawa nimeukunjia uso tayari. Hakutania. Alinigeukia mwili mzima, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu akae pale.

"Ulisikiaje?" akauliza.

"Nilisikia vibaya."

"Najua vibaya. Vibaya vipi?"

Sikuwa mtu wa kuulizwa maswali ya namna hiyo, wala yeye hakuwa mtu wa kuyauliza, na mlinzi alikuwa hatua tatu kutoka tulipo akijifanya anasoma daftari la wageni. Lakini niliona alivyonikazia macho. Hakuwa ananisimanga. Alikuwa anauliza kwa kutaka kujua.

"Tumbo lilishuka," nikasema. "Masikio yakapata moto. Nilitaka kukificha, kisha nikaona haya kwa kutaka kukificha. Mikono ikawa kama si yangu. Mpaka sasa kitu kimenikaa hapa, hata chai haipiti."

"Hapa wapi?"

Nikamwonyesha. Akaweka vidole mahali hapo hapo kwenye mwili wake, akabonyeza, akasubiri. Midomo yake ilikuwa inakwenda taratibu, inayarudia maneno yangu bila sauti. Kisha akautoa mkoba uliokuwa kando yake, akauweka mapajani ili nipate pa kukaa. Nikakaa.

"Anza tena," akasema. "Anzia pale ulipoyaona macho, na usiruke kitu."